Sentensi ya Katsuva

Pétronille mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, mwaka wa themanini na saba, tulipokuwa tukitwanga majani ya muhogo, sombe ya matanga ya Katsuva. Alitwanga huku akisema, na sauti yake hakuipandisha hata kidogo, maana mjane alikuwa amejilaza chumba cha pili.

Yalitukia miaka michache nyuma, wakati wafanyabiashara wa Bunia walipoona kwamba Kifaransa hakiwafikishi mbali na Waganda wanaovuka ziwa hadi Kasenyi. Wakamwomba Mwalimu Léon, aliyekulia Uganda, awafundishe Kiingereza alasiri katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Saio. Watu wenye mvi waliminya magoti chini ya madawati ya watoto, wakayatafuna maneno mageni kama nyama isiyoiva. Pétronille, muuza vitenge, alikaa mbele kabisa.

Mwalimu Léon alikuwa na desturi yake: kila sentensi imtaje mtu anayejulikana.

"Sentensi ya mtu asiyekuwepo," alisema, "inawatoka kichwani kabla hamjafika nyumbani."

Siku hiyo aliandika ubaoni neno *example*, akaeleza kwamba neno hilo halitembei peke yake. Lina jamaa zake. Mfano hutolewa, mfano hufuatwa, mtu huwa mfano mwema au mfano mbaya, na katika Kiingereza kila jamaa ana mahali pake pa kukaa. Mama Kavira akajaribu: padri ni mfano mwema. Mtu wa nyuma akanong'ona kwamba mfano huo unapenda kuku kupita kiasi, na ukumbi mzima ukacheka.

Ndipo aliposimama Katsuva, muuza samaki wakavu. Akayatafuta maneno darini, akayapata, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: Émilienne ni mfano mbaya kwa wasichana wetu.

Émilienne alikuwa binti mkubwa wa Pétronille. Alimfuata dereva wa lori hadi Mahagi, akarudi na mtoto mgongoni, dereva hayupo. Mama yake alimpokea, lakini akampa jiko la nyuma ya nyumba alale humo. Jumamosi iliyokuwa inakuja mdogo wake Denise alikuwa anafunga ndoa, na Émilienne alikuwa amekatazwa kukanyaga kanisani. Angebaki na sufuria.

Mwalimu hakujua habari hizo. Aliandika sentensi ubaoni, akaiongezea herufi iliyopungua, akageuka.

"Wote."

Wakaitikia wote, tena na tena. Pétronille naye aliitikia, kinywa kikiutangulia moyo, mpaka mwalimu akamwinamishia kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri, mama. Sikilizeni anavyotamka. Rudia peke yako."

Jina la binti yake lilipomtoka peke yake katika ukumbi ulionyamaza, ndipo maana ilipomfikia. Maneno yaliyobaki yalikuwa pale mbele, yameandikwa, yanamngoja. Akayamaliza.

Katsuva alimsubiri mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Pétronille, usinikasirikie."

"Sijasema kitu, papa."

"Miye siko mutu wa kutukana. Ile maneno iko yako. Ulituambia kwa soko, ile siku ya mvua, mbele ya Kavira na siye wote. Nikawaza, kama mama mwenyewe amesema, basi iko mufano ya kweli. Niliitia tu kwa Kiingereza."

Pétronille alimpita, akashika njia ya nyumbani. Njiani alitembea polepole, kikapu kimemlemea ingawa kilikuwa kitupu. Kweli aliyasema sokoni. Aliyasema kisimani pia, hata mbele ya padri, na kila mara yalimtoka laini kama salamu, akidhani anajisafisha, kwamba watu wataona mama hakuwa upande wa binti. Hakuwahi kuyasikia. Aliyasikia siku hiyo tu, alipolazimika kuyatamka herufi kwa herufi, kama kitu cha watu wengine.

Giza lilikuwa linaingia alipofika jikoni. Émilienne alikuwa akimlaza mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa akimsikiliza mama yake akirudia masomo, kwa kuwa alikuwa amesoma kumpita.

"Leo mulijifunza nini, mama?"

Angeweza kumpa ile ya padri na kuku. Aliketi kwenye kigoda, akamweleza yote, na maneno ya Katsuva mlangoni hakuyaficha.

"Na weye ulisema?"

"Nilisema."

"Na wale wengine?"

"Wote. Kisha miye peke yangu. Mwalimu akanisifu."

Émilienne alichekea puani. "Basi Kiingereza yako imefika."

"Jumamosi utatoka na siye. Utatembea karibu yangu mpaka kanisa."

"Ili waseme mama ya Denise iko na roho muzuri?"

Pétronille alisukuma kijinga ndani ya moto, kisha akasema, "Waseme wanachotaka. Ni miye niliwafundisha kusema."

"Mutoto amelala, mama. Usimwamushe."

Pétronille hakurudi nyumba kubwa. Alitandika mkeka pale chini, kando ya kitanda chao, akajinyoosha na kitenge chake. Émilienne akageukia ukutani. Makaa yakafifia, na mama akabaki macho wazi, akizisikiliza pumzi mbili juu yake, asijue kama ile ya mkubwa imetulia kweli au inazuiwa. Baadaye blanketi likavutwa taratibu, na pindo lake likaishukia miguu yake iliyopoa. Hakusogea, akiogopa kwamba akishukuru litaondolewa. Alingoja mpaka mkono uliolivuta uliporudi mahali pake na pumzi ya binti ikawa nzito, ndipo usingizi ukamchukua yeye pia.