Mistari Minene ya Sikudhani

Usiku wa jana niliota niko Uingereza, zama za Malkia Viktoria, katika mji mdogo uitwao Mallowby. Mimi hata Dodoma sijafika. Lakini mvua ilinipokea kwa jina, ikaniambia, "Mzee Chambo, ofisi ya gazeti ni ule mlango wa kijani." Nikaingia.

Mhariri ameketi mezani, ndevu za mashavuni kama mifagio miwili. Jina lake Bwana Josiah Pettle, na anaongea Kiswahili cha Korogwe.

"Karibu, mzee. Gazeti hili nimelihariri miaka thelathini na moja. Nililianzisha nipambane na meya aliyeuza kisima cha mji. Enzi hizo lilikuwa na meno."

"Sasa yako wapi?"

Ananionyesha glasi ya maji juu ya kabati. Meno yamo humo, yamelala.

"Meya alianza kunialika chakula," anasema. "Chakula laini."

Nikamweleza shida yangu. Mke wangu Sikudhani alizidiwa Alhamisi moja, miaka mitatu iliyopita, nikampeleka zahanati kwa baiskeli. Mlango umefungwa. Nikaambiwa sakafu imepakwa rangi, kesho mgeni rasmi anakuja kuzindua, mtu asikanyage. Akafia barazani, anautazama utepe. Gazeti la mkoani likaandika kwamba zahanati imezinduliwa kwa shangwe. Nataka iandikwe ilivyokuwa, tena izungushiwe mistari minene myeusi, kama wanavyozungushiwa wakubwa wakifa.

"Mistari minene ninayo seti moja," anasema Pettle. "Nimemwekea mgeni rasmi."

"Kwani kafa?"

"Bado. Lakini wale mambo yao huandaliwa mapema."

Mtambo wa kuchapia unakohoa pale pembeni. "Mwambie na sheria ya nyumba," unasema.

"Sheria ni moja," anasema Pettle. "Kisichochapwa hapa hakikutokea. Ya mkeo hatujachapa. Kwa hiyo yupo chumba cha nyuma."

Nafungua. Chumba cha nyuma ni baraza ya zahanati ya kijijini kwetu, jua la saa nane. Sikudhani ameketi, anachambua mchele kwenye ungo.

"Umechelewa," anasema. "Na hiyo fulana ndiyo umetokea nayo kwa watu?"

Pettle ananinong'oneza sikioni. "Mchukue mwende. Funga mdomo tu, nyumba itakuwa na mtu. Hapa Mallowby hajafa mtu kwa uzembe tangu nianze kula kwa meya."

Miaka mitatu nasonga ugali wa mtu mmoja. Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto.

"Baba Tunu," anasema, "mlango ule ulifunguliwa?"

"Ulifunguliwa Ijumaa. Wakakata utepe, wakala pilau, wakaondoka. Mpaka leo dawa hakuna."

"Na nani anajua kuwa nilifia hapa?"

"Mimi."

"Wewe peke yako." Akapepeta mara mbili. "Basi nenda kachape. Na mwaka wangu wa kuzaliwa usiukosee, maana kwenye cheti cha ndoa uliukosea."

Herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, hupangwa kinyume. Darasa la pili nilipigwa viboko kwa kuandika kinyume vilevile, mpaka nikaacha shule. Pale mikono ilijiendea yenyewe. Mistari ya mgeni rasmi niliichukua mwenyewe kabatini. Pettle aliyatoa meno kwenye glasi, akayajaribu. Hayakumkaa tena. Akayarudisha majini, akageukia dirishani asione ninachofanya.

"Nikishuka, kile chumba kinafungwa," unasema mtambo. "Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Haya."

Ukashuka.

Nikaukumbatia ukurasa kifuani, wino mbichi, nikakimbilia chumba cha nyuma. Nikakuta ungo peke yake. Mchele umeshachambuliwa wote.

Nikaamka. Nilipotoka nje, jirani yangu Bi Mashavu alinitazama kifuani, akasema, "Baba Tunu, umelala jikoni? Vua hiyo fulana nikufulie, imejaa masizi."

Nikatazama. Mistari minene myeusi, pembe nne, na ndani yake maandishi madogo, yote kinyume.

Nikamwambia aiache. Kioo sikukihitaji. Mwaka wa kuzaliwa uko sawa.