Moshi Uliokaguliwa Mkiwa

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema mapema nisije nikaonekana nimejificha. Mama yangu, Dorkas, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Fundi akishika spana kwa hasira, mara nyingine mashine hukubali. Binadamu yeye huogopa tu, na mimi nilichelewa sana kuijua tofauti hiyo.

Gari la kisa hiki lilikuwa Landrova. Padre mmoja mzee aliliingiza nchini kwa meli, akalitumia kwa namba za kwao Ujerumani mpaka injini ya petroli ikapasuka. Alipoitwa kurudi kwao, akalitoa kwa kijiji chetu, kilichokuwa ndiyo kwanza kinaandikishwa kuwa cha ujamaa, njia ya kutoka Mkiwa kwenda Itigi. Tulilikuta bandani, kuku wametagia kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa nimejifunza ufundi karakana ya reli pale Itigi, basi Mwenyekiti akanitazama, wengine nao wakanitazama, nikasema litatembea.

Nikalivika injini ya dizeli iliyokuwa ikivuta maji kwenye kisima kilichokauka. Kuikalisha tu pale mbele kulinichukua miezi mitatu, na nilidhani nimemaliza. Kumbe kazi ya spana ndiyo iliyokuwa nyepesi. Gari liliingia nchini na injini moja, sasa lina nyingine, na serikali hailijui. Tukaandika Singida, Singida wakaandika Dar es Salaam. Ikatakiwa karatasi ya forodha, ikatakiwa barua ya padre kutoka kwao, ikatakiwa namba ya injini igongwe upya kwenye chuma. Miezi minane ilipita, Mwenyekiti akizunguka na faili kwapani kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

Mwisho, Oktoba ya mwaka sabini na mbili, barua ikaja. Mkaguzi wa magari atakuwa Mkiwa siku moja, na tumepewa kibali cha kulipeleka gari siku hiyo hiyo. Ataangalia breki, taa, usukani na moshi. Moshi ulitajwa mara mbili. Gari la dizeli lililobadilishwa injini halipewi namba kama linatoa moshi mweusi, na pampu yake ya dizeli isiwe imechezewa. Ikionekana imechezewa, faili linarudi Dar es Salaam kuanza upya.

Kijiji kingeweza kusubiri. Mimi nisingeweza. Mke wangu Selina alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wetu wa kwanza alifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe masika ya mwaka uliotangulia, tukiwa tumekwama kwenye tope la mbuga, hospitali iko mbele bado nusu ya safari, na Selina katika uchungu ananishika shati. Mwenyekiti anisamehe, sikuwa nikiitafuta namba ile kwa ajili ya ujamaa.

Alfajiri ya siku ya ukaguzi, mama alinitangulia kwenye gari. Katika ukoo wetu, kikubwa kinachoingia nyumbani hupakwa samli na mama wa mji: ng'ombe wa mahari, plau mpya, bibi harusi mwenyewe. Nilimkuta ameshika kopo dogo, amepaka paji la gari pale mbele, amezunguka nyuma na kupaka mdomo wa bomba la moshi, maana alisema kinachopumua hupakwa pia pale kinapopumulia.

"Mama, hii ni mashine," nikamwambia.

"Na itambeba nani?" akauliza. "Si itambeba Selina?"

Nikafuta paji, nikasahau bomba, tukaondoka naye akiwa nyuma pamoja na Mwenyekiti.

Pale njia panda walikuwapo watu wa kawaida wa Mkiwa: wauza karanga, wauza asali, wasafiri wanaosubiri lori. Mkaguzi aliitwa Philipo, askari mwembamba, mpole wa sauti, asiyecheka. Alipima breki akaandika. Alipima taa akaandika. Kisha akatoa leso nyeupe, akaifunga kwenye kijiti, akaniambia nikanyage mafuta mpaka chini naye akaishika mbele ya bomba akihesabu hadi kumi.

Moshi ulitoka mweusi kama wa tanuri la mkaa. Na pamoja na moshi ikatoka harufu. Bomba lilikuwa limepata moto, na harufu ya samli inayoungua ikajaa njia panda nzima. Mwuza karanga mmoja akasema kwa sauti, "Hili gari linapika wali!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Leso ilikuwa nyeusi, tena ina mafuta yanayonata.

Afande Philipo akaniuliza, "Fundi, hiki ni nini?"

Nilimgeukia mama. Alikuwa amesimama karibu na wauza asali, kanga yake imefungwa vizuri kifuani, amevaa kama mtu wa kanisani.

"Umemwaga samli ndani ya injini!" nikampigia kelele. "Umeniharibia!"

"Sikumwaga ndani," akasema. "Nimepaka tu, Kefa."

"Nyamaza! Hujui mashine, hujui kusoma, hujui kitu!"

Kicheko kikakatika. Hata wale waliokuwa wakicheka waliangalia chini, maana kwetu mtu hamwambii mama yake vile hata wakiwa wawili tu chumbani. Mkaguzi akauliza jina lake, akaandika kwenye fomu huku akilitamka kila neno: "Sababu ya moshi: samli iliyotiwa katika chombo na Dorkas, mama wa fundi. Kisafishwe, kirudishwe leo kabla ya saa kumi." Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaokota kopo lake, akashika njia ya kurudi kijijini kwa miguu, na jua la saa tano lilikuwa kali.

Nikafungua injini. Nilimwaga dizeli ya tangi kwenye beseni nikaichunguza: safi. Nikafungua chujio la hewa, nikafungua bomba la moshi, nikapitisha kidole. Samli ilikuwa pale kwenye ukingo wa nje tu, kidole kimoja cha mtu kimepita mara moja. Ndani hapakuwa na hata tone.

Sasa kuna jambo sijalisema. Wiki moja kabla ya siku ile nilikuwa nimelijaribu gari likiwa na magunia kumi, likakohoa kwenye kilima, likasimama mbele ya vijana. Nikaona aibu. Kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu ndogo ambayo haifunguliwi. Nikaifungua nusu mzunguko ili dizeli iingie kwa wingi, na gari likapanda kama mbuzi. Moshi uliongezeka, nikajiambia injini inazoea. Nilikaa pale njia panda, mikono imejaa grisi, nikaiangalia ile skrubu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Nikairudisha nusu mzunguko. Nikawasha. Moshi ukawa mwepesi kama wa kikombe cha chai.

Saa tisa na nusu afande akaja na leso nyingine, akahesabu hadi kumi. Leso ikatoka na kivuli tu. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Pampu hukuigusa?"

Nilijua ukweli ungenigharimu nini. Faili lingerudi Dar es Salaam, mvua zingetukuta na mkokoteni. Hilo ni kweli na sitalikana. Lakini kulikuwa na lingine dogo zaidi, nalo ni kweli pia: wauza karanga walikuwa bado pale, na mimi ndiye fundi.

"Sikuigusa, afande."

"Kwa hiyo ilikuwa samli."

"Ilikuwa samli."

Akaandika chini ya yale ya asubuhi: "Kasoro imeondolewa." Akagonga muhuri. Namba ilikuja baada ya wiki tatu, na Mwenyekiti akaifunga yeye mwenyewe huku akina mama wakipiga vigelegele.

Jioni ile nilimkuta mama jikoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba," akaitikia, akanipa ugali. Ila hakugusa tena kitu changu chochote. Spana ikianguka mlangoni, alikuwa akiipita na kumwita Selina aiokote.

Mvua ziliponyesha na Selina akashikwa na uchungu, mama hakuwa na la kufanya, akapanda. Barabara ilikuwa mbovu, gari linaruka, na kwenye kioo nilimwona amekaa nyuma mikono yake yote miwili kwa Selina. Hakushika chuma, hakushika kiti, hata gari lilipoinama upande mmoja hakushika. Tulifika salama. Mtoto wa kike alizaliwa saa mbili asubuhi, analia kwa nguvu, nami nikaenda nyuma ya jengo la hospitali nikalia kama yeye.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka miwili.

Kilikuja kisomo cha watu wazima. Mama alikuwa wa kwanza kujiandikisha katika wazee wa kijiji chetu, akaenda kila alasiri na ubao wake, jua au mvua. Akaanza kusoma kila kitu: magunia ya mbolea, kalenda ya mwaka uliopita, karatasi ya sabuni. Alisoma kwa silabi, kidole kikitangulia, na neno likikamilika alikuwa anacheka peke yake.

Siku moja nilirudi kutoka shambani nikamkuta amekaa kwenye kivuli cha gari, miwani ya Mwenyekiti iko puani, faili la gari, lililokuwa likikaa kwangu, liko mapajani. Alikuwa amemwomba Selina amtolee karatasi ya serikali yenye jina lake.

"Keti hapa," akaniambia. "Nikikosea useme."

Nikaketi mchangani. Akaweka kidole.

"Sa-ba-bu. Sababu. Ya mo-shi." Akapumzika. "Sa-mli i-li-yo-ti-wa." Akaendelea hivyo, hakuruka neno, mpaka akafika kwenye jina. "Do-r-ka-s. Dorkas. Ma-ma wa fu-ndi." Kidole kikateremka. "Ka-so-ro i-me-o-ndo-le-wa. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama."

"Kasoro ni nini? Mwalimu hajatufundisha."

"Ni kitu kibovu. Kosa."

"Ah." Akatikisa kichwa taratibu. "Na liliondolewa?"

Nilitaka kukasirika. Hasira ndiyo nguo yangu, naivaa nikiona baridi. Safari hii haikuja. Nikamwambia yote: kilima, vijana, skrubu, nusu mzunguko, na swali la afande nililolijibu mara mbili.

"Nilijua sikumwaga," akasema. "Nina mikono yangu. Lakini uliposema hujui kitu, nikafikiri labda ni kweli, labda samli inajua kuingia yenyewe kwenye chuma. Nimefikiri hivyo miaka miwili, Kefa."

Nikatoa kalamu mfukoni. Ukaguzi mwingine ulikuwa mwezi unaofuata, na karatasi ikichorwachorwa nilijua nitasimama tena mbele ya afande na kuulizwa. Nikaweka kalamu kwenye jina lake ili nilikate.

Akanishika mkono. "Jina langu usilikate. Nimelihangaikia kulisoma. Andika chini yake."

Nikaandika kwa herufi kubwa, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nilipomaliza alinipokonya karatasi, akaweka kidole mwanzoni, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni alikokuwa Selina:

"Si kwe-li. Sa-mli ha-i-ku-i-ngi-a nda-ni. Sk-ru-bu," hapo akakwama, akarudia, "skrubu, ni-li-fu-ngu-a mi-mi, Ke-fa, mwanawe."

Neno la mwisho hakulikata silabi. Alilisoma mara moja.