Waya Mweusi wa Lanwi

Kwanza ulisikika mlio mdogo, tak!, kama kokwa inayopasuka motoni. Nilikuwa nimeinama nikiokota bisibisi, sikuona kitu. Nilipoinuka, moshi mwembamba ulikuwa ukipanda ukutani kutoka kwenye kontrola, kisanduku kinachoongoza umeme wa sola na betri, niliyotoka kuifunga, na friji ya chanjo ilikuwa kimya kabisa.

"Ndivyo inavyotakiwa kulia?" aliuliza Mama Limine, muuguzi wa kisiwa, kidole chake kingali kwenye swichi ya betri.

"Hapana, mama. Zima."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti kutoka Majuro, mji wetu mkuu, ambacho wino wake bado ulinukia. Nilijua sheria ya umeme wa betri kama ninavyojua jina langu: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Ila asubuhi ile, tundu la ukutani lilinitolea waya mweusi na mweupe. Hapakuwa na mwekundu. Nilicheka kwa sauti.

"Nani alifunga takataka hii?"

"Mume wangu," Mama Limine alijibu, akaendelea kuhesabu vichupa vyake.

Niliona aibu kidogo, si ya kutosha. Nikapeleka mweusi kwenye alama nyeusi, mweupe kwenye alama nyekundu. Mita ya kupimia umeme ilibaki mfukoni.

Sasa niliitoa. Ilinionyesha alama ya kutoa: nilikuwa nimegeuza chanya na hasi. Marehemu Lanwi, mumewe Mama Limine, alikuwa fundi umeme wa nyumba, na katika nyumba zetu zote waya mweusi ndio unaobeba umeme, mweupe ndio unaourudisha. Aliipeleka sheria hiyo hadi kwenye betri. Kila kiungo chake kilikuwa kimelehemiwa na kupakwa rangi ili chumvi isiingie. Yeye hakubahatisha. Aliyebahatisha ni mimi.

Kipimajoto cha friji kilisoma nyuzi tano. Zikizidi nane, chanjo ya surua ingekuwa maji tu, na Jumamosi watoto wa vijiji vyote vya atoli, mduara wetu wa visiwa vidogo, wangeletwa kwa mitumbwi. Meli iliyonileta ingerudi baada ya siku tisa.

Kejmen, diwani wa kisiwa, aliingiza pua mlangoni. "Fundi! Umechoma samaki gani humu?"

"Kontrola imeungua."

"Si waya za marehemu hizo? Nilimwambia Lanwi, bwana wee, acha kufunga kienyeji. Hakusikia. Basi kesho asubuhi nitawaambia Majuro redioni, waya za Lanwi zimewaunguzia mali yao."

Asubuhi kila atoli husikiliza redio ile. Kinachosemwa pale, hata walio baharini hukijua kabla ya adhuhuri. Ningeweza kumsahihisha. Nilijifanya nakaza skrubu iliyokwisha kukazwa, naye akaenda zake akicheka.

Mama Limine alifunga daftari. "Njoo nyumbani ufungue kontrola yangu, tuilete hapa."

"Utakaa gizani, mama."

"Giza nalijua. Surua nayo naijua."

Kwake nilikuta kazi ileile, mweusi na mweupe, safi kama mshono wa mkeka. Nilipima kabla ya kugusa. Nikapima tena, halafu mara ya tatu.

"Naona sasa unaangalia," alisema nyuma yangu. "Asubuhi ulikuwa unajua."

Nilifungua kontrola, nikaibeba.

Tulirudi zahanati kipimajoto kikisoma saba. Nilifunga kontrola yake, nikazungushia waya mweusi utepe mwekundu kwenye ncha zote mbili, na mweupe utepe mweusi, ili atakayekuja asidanganyike. Kisha nikaenda mwenyewe kwenye swichi. Friji ilikohoa, ikanguruma. Mama Limine aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakiacha hapo muda mrefu. Saba ikawa sita.

"Lanwi alikosea?" aliuliza bila kunitazama.

Maneno ya nusunusu yalikuwa tayari mdomoni: kwamba sheria za sasa zinasema hivi, kwamba mtu yeyote angedhani vile. Yalikuwa mazuri, hata yalikuwa na mizani. Niliyameza.

"Hapana. Mimi sikupima."

"Kejmen anajua hivyo?"

"Bado."

Aliondoa mkono kwenye friji, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipocheka. Hakukunja uso. Alingoja tu, kama anavyongoja homa ishuke.

"Kesho saa mbili, kabla Kejmen hajaishika redio, nitaishika mimi, mama," nilisema. "Nitataja jina langu na la baba yangu, visiwa vyote visikie nani aliyeiunguza kontrola. La Lanwi nitalitaja mwisho, niseme kazi yake ilikuwa sawa."