Ufunguo wa Kusoma Tu

Kwa muda wote aliofanya kazi kwenye kituo cha kusukuma mafuta ng'ambo ya ziwa, Nerio Urdaneta hakuwahi kufungua wala kufunga valvu hata moja. Kazi yake ilikuwa geji. Alizisoma, akazisafisha, akazirekebisha zilipoanza kusema uongo, kisha akawapigia simu wenye valvu zao kuwaambia mafuta yamepanda au yameshuka. Wenye valvu ndio walioonekana wanaume. Yeye walimwita Mzee wa Vioo. Jina hilo lilimkera kuliko alivyokubali kusema, na ukitaka kujua kwa nini mstaafu mwenye goti bovu na mke anayempenda alijitia kwenye biashara ya sarafu za mtandaoni, anzia hapo.

Sababu aliyoitaja mwenyewe ilikuwa nyingine, nayo ilikuwa ya kweli. Binti yake Maigualida alikuwa Santiago, kule Chile, alikokwenda kutafuta maisha kama nusu ya mtaa wetu ilivyokwenda. Huko alipata mtoto wa kiume, Amílcar, ambaye babu na bibi walimjua kwa sura ya kwenye simu tu. Novemba ilikuwa inakaribia, na Novemba kwetu Maracaibo ni sikukuu ya Chinita, Bikira mlinzi wa mji. Nerio alikuwa amemwapia mkewe, Ediluz, kwamba mwaka huu mtoto atacheza ngoma za gaita kwenye baraza ya nyumba hii, akiwa na mama yake. Alichotengeneza kwa kukarabati viyoyozi vya watu alikigeuza dola za mtandaoni, kama tufanyavyo wote tusiotaka kuona bolivari ikiyeyuka mfukoni. Akiba hiyo ilikuwa imefika bei ya tiketi moja ya ndege. Moja tu, na wasafiri ni wawili. Maigualida aliahidiwa ya kwake; habari ya ile ya pili Nerio aliificha ili iwe zawadi ya kumshtua.

Maigualida ndiye aliyemfundisha kuandika programu. Ndiyo kazi yake, na kila Jumapili walikaa kwenye simu, yeye akielekeza, baba akigonga herufi kwa kidole kimoja.

"Wewe si mtu wa geji, baba? Basi soko la sarafu nalo ni geji," alimwambia. "Programu inabisha hodi, inauliza bei, soko linajibu. Umeelewa?"

"Nimeelewa kabla hujazaliwa."

Programu ya kwanza iliuliza bei ya bitcoin na ya dola, ikaziandika kwenye kioo kwa herufi kubwa. Nerio aliiweka kompyuta yake kuukuu kando ya dirisha ambalo Ediluz huuzia mandoka, zile pete za ndizi mbivu na unga wa mahindi ambazo bila jibini ni dhambi. Wateja wakaanza kuja kwa mandoka na bei ya dola pamoja. Nerio alijisikia vizuri sana. Lakini ilikuwa kusoma tena.

Akaomba ruhusa ya kununua na kuuza. Maigualida akamtengenezea ufunguo, yaani mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu ambao programu huuonyesha sokoni ili itambulike inatoka kwa nani.

"Huu unakutosha kwa sasa," alisema. "Usimpe mtu. Hata kompadre wako Eudomar."

Sehemu ya kununua Nerio aliiandika peke yake, bila kumwonyesha binti. Bei ikishuka kiasi fulani, nunua, ikipanda, uza, andika faida chini. Shida ikawa umeme. Umeme ukikatika kompyuta inabaki na betri kidogo lakini mtandao unakufa, mtandao ukifa programu inapata jibu la kosa, na ikipata jibu la kosa inalala chali huku imeandika lawama nyekundu kioo kizima. Nerio alichoka kuifufua. Siku moja, jasho likimtiririka na feni imesimama, akaongeza mstari mmoja: kosa lolote likitokea, lipite, endelea na kazi.

Tangu siku hiyo programu haikulalamika tena. Ilisema NIMENUNUA, ikasema NIMEUZA, na ile namba ya chini ikaanza kunenepa. Simu ya Nerio ilikuwa ya zamani mno, programu ya simu ya soko lenyewe ilikataa kukaa humo, kwa hiyo alichokijua kuhusu pesa yake ni kile alichoambiwa na programu aliyoiandika yeye. Alitosheka.

"Siku hizi unatembea kama mwenye kisima cha mafuta," Eudomar alimwambia. Eudomar ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyemsimamia Maigualida ubatizo. Yeye pia alicheza na sarafu, kwa mkono, kwa kubahatisha na kuomba watakatifu.

"Mimi sibahatishi, kompadre. Mimi nina mashine."

"Na mashine ina wewe. Mungu aisaidie."

Ediluz alikuwa ameshafua mapazia na kuazima kitanda cha mtoto kwa jirani. Kila aliyekuja dirishani aliambiwa: wanakuja wote wawili. Nerio alipomsikia akisema hivyo kwa sauti ile ya furaha, aliitazama namba na kuona imebaki kidogo tu kufika tiketi ya pili.

Ikafika Ijumaa moja. Asubuhi programu iliandika NIMENUNUA, kwa pesa yote. Saa sita umeme ukakatika. Uliporudi alasiri, Eudomar alivuka barabara mbio, aproni shingoni na wembe mkononi.

"Kompadre, umeona?"

"Nione nini? Umeme umerudi sasa hivi."

"Washa hicho kidude chako. Bitcoin imeanguka kama embe. Mimi nimebaki na nauli ya basi."

Nyuma yake alisimama mteja, povu shavu moja, shavu jingine limenyolewa. "Nami nipo, Eudomar," alisema kwa upole.

Nerio aliwasha. Programu iliamka, ikabisha hodi, ikapata bei, ikafanya hesabu yake. Namba ya chini ilikuwa nyekundu. Si tiketi ya pili tu iliyokuwa imekwenda. Hata ile ya kwanza haikutimia tena. Aliisoma mara ya pili, taratibu, kama alivyosoma geji alizozishuku. Ilisema vilevile.

Ediluz alikuwa dirishani anamhesabia mtoto wa jirani chenji. Aligeuka, akaona uso wa mumewe, akafunga dirisha.

"Sema."

"Pesa ya safari," alisema Nerio. "Nimeichezea, Ediluz."

Hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda cha kuazima, mikono imejaa unga. "Mpigie," alisema. "Asije akaomba likizo kazini bure."

Nerio alipiga, akafungua spika ili Ediluz asikie. Aliogopa simu ile kuliko alivyowahi kuogopa moto wa kituoni.

"Baraka, baba," aliitika Maigualida, kama watoto wetu wanavyoomba kabla ya neno lolote.

"Mungu akubariki, mwanangu. Nimekukosea."

"Umefanya nini tena? Umepanda paa na hilo goti?"

"Pesa ya tiketi imeliwa. Niliiachia programu inunue. Imenunua asubuhi, mchana bei imeanguka."

Alisikia vidole vikigonga vibonye kule Santiago. Ndiye aliyemfungulia ile akaunti, na aliweza kuitazama.

"Baba, pesa yako ipo palepale."

"Haiwezekani. Programu inasema..."

"Programu inasema inavyotaka. Mimi natazama akaunti yenyewe. Haijapungua hata senti. Hujawahi kununua kitu, baba, tangu uanze."

Nerio alikaa. Ediluz aliinuka.

"Ule ufunguo niliokupa ni wa kusoma tu," Maigualida aliendelea. "Ukiuliza bei, soko linakujibu. Ukisema nunua, linakuambia huna ruhusa."

"Sijaambiwa hivyo hata siku moja."

"Umeambiwa kila mara. Hebu nisomee mstari ulio chini ya pale unaponunua."

Alivaa miwani, akautafuta. "Kosa lolote likitokea," alisoma, na sauti ikapungua, "lipite. Endelea."

"Kosa lolote?"

"Lolote."

Kwanza zilikuja hasira. Alimwuliza binti kama alimwona baba yake mtoto mdogo wa kufichiwa kiberiti.

"Nilimwona baba yangu ana haraka," alijibu Maigualida. "Nilitaka uniombe mwenyewe ufunguo mwingine siku utakapokataliwa. Nimesubiri, hukuomba. Nikajua umeacha."

Nerio alifungua mdomo kujibu, na hapo akakumbuka taa. Kulikuwa na kijana mmoja kituoni, wa valvu, hodari, ambaye taa ya hatari ilikuwa ikimwakia kila zamu kwa mambo madogo. Akachoka nayo, akaibandika utepe mweusi wa mafundi umeme. Nerio aliubandua utepe ule kwa kucha zake, kisha akamtukana yule kijana mbele ya zamu nzima, ukoo kwa ukoo, mpaka msimamizi akaja kuwaachanisha. Anayefumba taa, alimwambia, afumbe na macho yake kabisa. Leo utepe ulikuwa wa kwake mwenyewe, na aliubandika kwa sababu ileile. Nyani haoni kundule.

Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikubwa, mpaka goti likamuuma. Eudomar, ambaye hakuwa ameondoka, alimtazama Ediluz na kuzungusha kidole kwenye kipara chake.

"Kwa hiyo umepata faida na hasara bila kuwa na kitu sokoni," alisema kinyozi. "Kompadre, hata mimi sijafika huko."

"Nenda kamalizie shavu la watu," alisema Ediluz, akichukua simu mkononi mwa mumewe. "Maigu, sikiliza. Kwa hiyo tiketi moja ipo?"

"Ipo, mama."

"Na ya mtoto je? Baba yako ndiyo aliyokuwa anaihangaikia. Alitaka kukushtua."

Upande wa pili ilisikika kama Maigualida anafuta pua. "Tiketi ya Amílcar? Mama, hajafikisha miaka miwili. Anafikisha Desemba. Kabla ya hapo anapakatwa mapajani, analipiwa kodi kidogo tu, na hiyo ninayo. Mngeniuliza ningewaambia."

Ediluz alimgeukia Nerio na kumtazama kwa muda mrefu. Baadaye alisema kwamba hajawahi kuolewa na mtu mjinga hivyo wala kumpenda hivyo, lakini wakati ule alisema tu, "Kalete jibini. Mandoka zinapoa."

Kabla hawajakata, Maigualida alimwuliza baba yake kama sasa anataka afunguliwe ufunguo wa kununua.

"Uache hivyohivyo," alisema Nerio. "Mimi ni Mzee wa Vioo."

Ule mstari aliufuta siku hiyohiyo. Mahali pake aliandika mwingine, na kwenye kompyuta akaunganisha kengele ndogo ya hatari aliyoagwa nayo siku ya kustaafu: soko likikataa neno lolote, au mtandao ukifa, kengele ilie. Kelele zake kila umeme ulipokatika ziliwasumbua majirani wiki nzima, wakazoea.

Siku ya Chinita gaita ilikuwa inalia mtaa mzima, na barazani Ediluz hakuwa na nafasi ya kukaa kwa wingi wa wateja. Nerio alikuwa mbele ya kompyuta, Amílcar mapajani, mzito na wa moto, anajaribu kuing'oa miwani ya babu. Maigualida alisimama nyuma yao anakula mandoka, jibini kidevuni. Babu aliuelekeza mkono wa mtoto kwenye kibonye alichokibandika karatasi yenye neno NUNUA. Mtoto akakipiga kwa kiganja kizima, soko likakataa, kengele ikalia kwa nguvu. Amílcar alishtuka, akamtazama babu usoni aone kama ni jambo la kulia au la kucheka, akacheka. Akakipiga tena.

"Baba, izime hiyo," alisema Maigualida.

"Mwache," alisema Nerio. Mtoto akapiga tena, soko likakataa tena, na kengele iliendelea kulia mpaka wapiga ngoma za gaita wakapita barabarani.