Tawi la Njia Panda

Mwaka ule wa tisini na sita, Ajiambo na mamamkwe wake, Nerima, walikuwa wakivuka msitu wa vilima vya Moding kwenda matanga. Nerima alitangulia. Desturi ni kwamba aliye mbele huziba njia isiyofaa kwa tawi bichi. Ajiambo alipofika njia panda nzi walimsumbua, akaokota tawi kuwafukuza, akaendelea. Mbele kidogo moyo ukamshtuka: tawi lile lilikuwa linamkataza njia hii.

Kichakani kitu kikapumua. Juzi tu chui alibeba mbuzi huku. Jina la mtu haliitwi msituni, lisije likasikika na kisichofaa kulisikia, basi badala ya kumwita Nerima akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Kitendawili."

Kilichopumua hakikuitikia. Mnyama hajui kujibu.

"Tega," Nerima akaitikia kwa mbali, nyuma yake, kutoka njia panda alikorudi kumtafuta.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Sauti yako inatetemeka, mwanangu. Usikimbie. Rudi kinyumenyume, uendelee kutega."

Akarudi hatua kwa hatua, akitega na kujibiwa, majani ya kichaka yakitikisika sambamba naye, mpaka mkono wa Nerima ukamshika leso.

"Tawi langu umelifanya mgwisho wa kufukuzia nzi," Nerima akanong'ona. Hakucheka.