Mchumba wa Dorcas

Watu wa Wexcombe wanasema niliolewa na Bwana Tobias Hurrell kwa ajili ya mashamba yake. Waongo. Niliolewa naye kwa ajili ya benchi lake la kanisani.

Benchi lile liko mbele kabisa, chini ya mimbari, na mwanamke anayelikalia ndiye hutoka wa kwanza ibada ikiisha. Wengine wote, hata wenye magari ya farasi wanne, hungoja mpaka apite. Huko nje uwanjani, akimwinamia mtu kichwa, mtu huyo anahesabika. Asipomwinamia, basi ajitafutie mji mwingine wa kuishi. Mume wangu alikuwa na miaka sitini na moja, ana jongo, na hukoroma hata akiwa macho. Nilimkubali kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa na shughuli yangu, na bila benchi lile isingewezekana.

Shughuli yenyewe iliitwa Jocelyn Marchbank.

Baba yetu alikuwa kasisi wa hapa, nasi tulikuwa wawili tu, mimi Lettice na mdogo wangu Dorcas. Dorcas alipokuwa na miaka kumi na tisa, huyu Marchbank alikuja kuwinda kwa majirani, akacheza naye dansi mbili, akarudi London, akaanza kuandika barua. Kwetu msichana haandikiani na mwanamume asiye ndugu yake ila kama ni wachumba. Hilo halihitaji kufundishwa. Barua ya kwanza ilipofika, mwanamke wa posta aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, meno yote nje. Ilipofika ya kumi, kina mama walikuwa wanamuuliza Dorcas shela atashona ya kitambaa gani. Zilifika arobaini na moja.

Kisha Marchbank akasikia kwamba kasisi hana cha kuwaachia mabinti zake, na barua zikakoma. Huko London mtu akamuuliza habari za mchumba wake. Akacheka. "Mchumba gani? Yule mtoto wa kasisi? Nilimwandikia kirafiki tu, maskini, kijiji kilikuwa kimemchosha."

Kirafiki! Neno hilo lilifika Wexcombe kabla wiki haijaisha. Maana kama hakuwa mchumba wa mtu, basi Dorcas alikuwa msichana wa kuandikiana barua na wanaume. Kina mama wale wale wa shela wakawavuta mabinti zao upande wa pili wa barabara. Mialiko ikakatika. Baba alihubiri miezi sita kwa watu wasiomtazama usoni, kisha akafa. Dorcas akaenda Northumberland kukaa na bibi kizee mmoja mkali, kazi yake kumsomea magazeti na kumbebea mbwa. Mimi nikabaki na hasira iliyokuwa ikiamka nami na kulala nami. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Nilijua atarudi, kwa sababu watu wa namna ile hawakumbuki kama kuna cha kuwazuia.

Alirudi mwaka wa saba. Kitambi kimeanza, nywele zimepakwa mafuta, na macho yake yako kwa Selina Askwith, yatima mwenye mali aliyelelewa na shangazi yake. Shangazi mwenyewe, Bibi Askwith, alikuwa amehamia kwetu juzi tu na hakuzijua habari za zamani, lakini alikuwa mwanamke wa kuchunguza ukoo wa mtu mpaka wa paka wake. Alimwambia Marchbank bila kuzunguka kwamba mpwa wake haolewi na mtu asiyejulikana na nyumba za hapa. Na nyumba za hapa zilikuwa zinanitazama mimi.

Marchbank akamletea mume wangu ndege wanne aliowawinda.

"Kijana mzuri huyu," alisema Bwana Tobias, mafuta yakimtiririka kidevuni. "Mambo ya zamani yaishe, mke wangu. Jumapili umwinamie kichwa, hutapungukiwa na kitu."

"Nitamwinamia," nikasema. "Futa kidevu."

Jumapili hiyo nilitoka kanisani nikamkuta amesimama kando ya njia, kofia mkononi, Bibi Askwith na Selina pembeni yake. Mwanamume hamsalimu mwanamke mpaka mwanamke aanze, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kutabasamu na kungoja. Mji mzima ulisimama kutazama. Walitarajia nipite kama ninavyopita kigingi cha kufungia farasi, na kusema kweli, hivyo ndivyo nilivyoota miaka yote. Lakini nilikuwa nimefikiri zaidi. Nikimpita atahama, na huko aendako atampata Selina mwingine. Sikutaka ahame.

Nikasimama mbele yake. Nikainamisha kichwa mpaka manyoya ya kofia yangu yakakaribia kumtekenya pua.

"Shemeji!" nikasema, kwa sauti ya kufika mnarani. "Shemeji Jocelyn! Yaani umetususa kiasi hicho?"

Tabasamu lake lilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka.

"Shemeji?" aliuliza Bibi Askwith. "Shemeji kwa vipi?"

"Jamani, hamjaambiwa? Huyu ni mchumba wa mdogo wangu Dorcas. Mwanamume mnyamavu sana, lakini kwenye karatasi humnyamazishi. Dorcas anazo barua zake arobaini na moja, kwa mwandiko wa bwana huyu mwenyewe." Nikamgeukia. "Au nimekosea, Bwana Marchbank? Au wewe huwaandikia mabinti wa makasisi bila kuwachumbia?"

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Akikana, yeye ni mhuni aliyemharibia jina binti wa kasisi, na hakuna mlango utakaofunguliwa. Akikubali, yeye ni mchumba wa mtu na hapo alipo anamnong'oneza Selina. Nilimwona akizigeuzageuza njia zote mbili kichwani. Nilifurahi mno.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Mambo ya kifamilia yalituchelewesha."

"Hongera basi, bwana," alisema Bibi Askwith, akamshika Selina kiwiko. "Ungetuambia mapema, tungekuletea zawadi." Wakaenda zao.

Tulikuwa hatujafika nyumbani nilipoelewa kwa nini amekubali. Kwetu mwanamke anaweza kuvunja uchumba siku yoyote na hakuna wa kumlaumu, lakini mwanamume akijaribu, atafikishwa mahakamani na watu watamtenga. Mwerevu yule alikuwa anamtegemea Dorcas amkatae. Akikataliwa atakuwa mtu huru, tena wa kuonewa huruma, na Selina atamfuta machozi. Nilijitukana njia nzima. Hata hivyo nikamwandikia mdogo wangu: njoo umkatae mbele ya watu, angalau safari hii uwe wewe unayeacha.

Dorcas alikuja. Alikuwa amekonda na ana mvi mbili tatu. Siku ya pili tu kina mama wa shela walijaa sebuleni kwangu na keki zao, wakimwita "Dorcas mpenzi" na kumuuliza hali ya hewa ya Northumberland. Aliwajibu wote kwa adabu, na sikuona furaha yoyote usoni mwake. Kisha akaja Marchbank.

"Dorcas," alianza, mkono kifuani, "miaka imepita. Kama moyo wako umebadilika, sitakulaumu. Sema neno moja tu na utakuwa huru."

Dorcas alikuwa anamimina chai. "Sukari bado vipande viwili?"

"Ndiyo, lakini nasema, kama ungependelea…"

"Moyo wangu haujabadilika hata kidogo, Jocelyn. Mimi ni mchumba wako. Siku ya harusi nitaitaja."

Chai ilinipalia. Siku ya harusi huitaja mwanamke! Mwanamume huomba, hubembeleza, hununua maua, lakini kuitaja hawezi. Nami sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja, mimi niliyejiona bingwa wa kisasi.

"Lini, mpenzi?" Marchbank aliuliza, sauti imekauka.

"Tuone Pasaka itakavyokuwa."

Pasaka Dorcas alikuwa na mafua. Baada ya mavuno, alikuwa anamkumbuka sana marehemu baba. Selina Askwith aliolewa na ofisa wa meli ya kivita, na Marchbank alitumwa na Dorcas kupeleka zawadi. Kila Alhamisi alilazimika kuja kwetu, kwa sababu asipokuja Dorcas atauliza kanisani, kwa upole na kwa sauti, kama mchumba wake ni mgonjwa. Alimshikia nyuzi za sufu. Alimsomea magazeti, ukurasa wa matangazo pia. Na Dorcas akanunua mbwa, ili Marchbank awe na wa kumbebea.

Nilicheka miaka miwili mizima, na sijutii hata siku moja ya miaka hiyo. Nilikaa na kitambaa changu cha kutarizi pembeni nikimwangalia Marchbank akizeeka, nikaona Mungu ni mwema.

Mwaka wa tatu, jongo la mume wangu likamleta Daktari Silas Oakeshott, mjane mwenye mabinti wawili wadogo, mtu wa maneno machache na buti zenye matope. Akimaliza mguu wa Bwana Tobias, alikuwa anapitia bustanini kuzungumza na Dorcas juu ya maharage. Maharage tu! Lakini asubuhi moja nikasikia Dorcas anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa, na sindano ikanichoma kidole.

Baada ya wiki chache daktari alinijia, akiizungusha kofia yake.

"Bibi Hurrell, niwie radhi. Huyu Bwana Marchbank, mdogo wako ataolewa naye kweli?"

"Hataolewa naye."

"Basi mimi ningeweza kutumaini?"

Nilikimbia, mimi na umri wangu, mpaka bustanini. Dorcas alikuwa anakata maua. Nilipomwambia, alikaa chini palepale kwenye nyasi.

"Alisema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

"Alisema hivyo, dada?"

"Dorcas, unampenda?"

"Nampenda," akasema. Uso wake ulikuwa umeiva mpaka masikioni.

Nikapiga magoti mbele yake. "Basi mwachie yule mwingine leo hii. Mwandikie mstari mmoja tu. Amekwisha, mtazame. Jina lako limesafika, wamekuja wote kukubembeleza. Tumeshinda, mdogo wangu. Nakuomba, ukaishi."

Ilikuwa Alhamisi. Marchbank alikuwa anapanda njia kutoka barabarani, mabega yameinama, mbwa kwapani. Alisimama langoni, akangoja kufunguliwa. Dorcas alimtazama kwa muda mrefu. Niliiona ile rangi ikimtoka usoni kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza nikamwogopa mdogo wangu.

Akasimama, akaokota mkasi wake.

"Mwambie daktari asiningoje."

"Kwa nini, Dorcas? Umesema unampenda!"

"Nampenda. Lakini huyu nikimwachia, ataoa."

Akakung'uta nyasi kwenye gauni, akaenda kumfungulia.