Makofi Nyuma ya Mlango

Bibi hakumwamini yule daktari hata chembe. Daktari aliiweka picha ya kifua cha mjukuu wa Bibi mbele ya taa, akagusa weupe uliokuwa sehemu ya chini ya pafu la kulia.

"Hapa pamesinyaa, bibi. Makohozi yameziba njia, hewa haiingii. Mtoto anapigwapigwa mgongo ili yatoke, kama tulivyowafundisha?"

"Kila asubuhi. Mama yake, mkwe wangu, hujifungia naye chumbani, nasikia makofi kwa masikio yangu."

"Ajabu. Ingepaswa pawe pameanza kufunguka. Nawapa wiki mbili. La sivyo tutaingiza bomba tuzibue, na ikishindikana, itabidi tukate."

Kukata! Bibi alitoka akisonya. Watu hawa dawa zikiwaishia hukimbilia kisu. Mtoto amezaliwa na ugonjwa wa kurithi, makohozi yake mazito kama gundi, wamemlea kama yai, leo aje mtu kumpunguza pafu?

Lakini lile "ajabu" lilimkereketa. Kesho yake alitega sikio mlangoni. Pa, pa, pa. Zamani makofi yale yalifuatwa na kikohozi na kilio. Siku hizi kimya. Kwa nini mtoto hakohoi? Na kwa nini mlango ufungwe? Kikulacho ki nguoni mwako. Bibi alimshuku mkwewe mambo ambayo hata kuyataja ni aibu, akasukuma mlango bila hodi.

Mtoto alikuwa amejilaza chali, anachezea vidole vyake. Mama yake alikuwa anapiga mto.

"Nisamehe, mama," mkwe alisema. "Kila siku ananiuliza, 'Mama, nimekosa nini?' Nimeshindwa. Na wewe uko hapo nje unasikiliza."

Bibi alitaka kumkaripia, akajizuia. Yeye naye amezaa. Akaketi kitandani, akamlaza mjukuu mapajani, kichwa kikining'inia, akakunja kiganja na kumpiga mbavuni kwa nyuma. Mtoto akapiga ukelele. Bibi akapiga tena, na tena, hadi akang'atwa paja.

"Sikupendi, Bibi! Sikupendi!"

"Najua, mume wangu. Kohoa."

Kikohozi kikaja, kikatoa donge zito la kijani. Bibi aliliona, akajua yamebaki mengine. Mtoto akamnyooshea mama yake mikono amwokoe. Mama akageukia ukutani, na Bibi, huku akilia, akaendelea kupiga.